Feni ya Mpima

3 Juni

Mjomba, shikamoo. Goti linaendeleaje? Nasikia bado unapanda ngazi kwa kunung'unika. Mimi mzima wa mwili, ila maji yamenifika shingoni.

Ni kompyuta mpakato ya Mpima, bosi wangu. Juzi ilinguruma kama mashine ya kusaga, jana ikanyamaza, leo feni haizunguki kabisa. Nikiiwasha inachemka, na baada ya dakika saba inajizima. Nimejaribu kunakili vipimo, inakata katikati. Humo ndani kuna miaka miwili ya vipimo vya ule mpaka wa shamba wanaougombania ndugu wawili, na baraza linakaa Jumatatu, tarehe 14. Nakala nyingine hakuna. Mpima yuko safarini hadi Jumamosi ya tarehe 12, na aliagiza mashine isitoke ofisini.

Nimeagiza feni mpya. Nielekeze namna ya kuibadilisha.

Mpwa wako,
Kiherehere

4 Juni

Marahaba, Kiherehere. Goti langu siku hizi linatangaza mvua kabla ya redio. Tulia usome mpaka mwisho, jambo ambalo hukulipenda hata shuleni.

Usiiwashe tena, kila ukiiwasha unaipika. Feni ikifika, chora umbo la kompyuta kwenye karatasi, na kila skrubu uibandike pale ilipotoka. Ndefu ikiingia tundu la fupi, itatoboa kilicho chini yake. Anza kwa kuchomoa waya wa betri, ndipo uguse kingine. Waya wa feni usiuvute kwa nyuzi zake. Shika kichwa chake kwa kucha, ukitikise taratibu kama jino la mtoto. Chini ya bomba la shaba linalobeba joto utakuta dawa ya kijivu iliyokauka. Ifute, weka mpya, kiasi cha punje ya mchele, usipake kama siagi.

Swali moja. Feni huzeeka kwa miezi, haifi kwa siku mbili. Kabla haijanguruma, ilifanywa nini?

Mjomba wako

7 Juni

Shikamoo, Mjomba. Natumaini umeamka vizuri. Feni ya zamani imetoka, mpya imekaa. Skrubu moja iliruka chini ya kabati. Nimeitafuta kwa magoti nusu saa, nikaipata. Zimebaki tisa za kifuniko. Sijaiwasha.

Kuhusu swali lako. Ilikuwa imejaa vumbi. Nikavuka nayo barabara hadi kwa fundi wa matairi, nikamwomba aipulize kwa upepo wa mashine yake. Akaniuliza, "Dada, una uhakika?" Nikamjibu, "Mjomba wangu ndivyo anavyosafisha redio zake zote." Feni ilizunguka mpaka ikapiga mluzi. Tukacheka.

Sasa niambie. Feni mpya na ya zamani ni kama pacha. Nikifunga hizi skrubu tisa, nani atajua? Nifunike kombe mwanaharamu apite?

Kiherehere

9 Juni

Mjomba, mbona kimya? Ujumbe umeusoma, naona. Zimebaki siku tatu Mpima arudi, na kidole changu kiko juu ya kitufe. Nijibu, hata kwa kunitukana.

Mpwa wako

10 Juni

Mwanangu, ondoa kidole. Hujambo? Mimi sijambo, ila nilikuwa naona haya.

Nimefundisha fizikia miaka thelathini na moja, nikakuachia desturi bila sababu yake. Redio haina feni, ndiyo maana upepo ule hauidhuru. Feni ikipulizwa kwa nguvu hiyo huzunguka kupita kasi iliyoundiwa, na mhimili wake husagika. Hilo umeshalirekebisha. Linalonitisha ni jingine: upepo wa matairi hubeba matone ya maji yaliyokusanyika ndani ya tangi. Angalia kwenye ubao wa kompyuta kama kuna doa jeupe au la kijani. Likiwepo, umeme ukipita unaweza kuunguza ubao, na vipimo pamoja nao.

Kwa hiyo usiulize nani atajua. Kuwasha ni kucheza kamari, na kinachowekwa mezani ni jasho la Mpima. Mwenye kuamua ni yeye. Mwambie kwanza. Nimekutumia picha ya barua yangu kwake. Nimemweleza desturi ile uliitoa wapi.

Utafukuzwa? Huenda. Sitakudanganya.

Mjomba wako, mwenye kosa la kwanza

12 Juni

Shikamoo, Mjomba. Doa lipo. La kijani, dogo kama kichwa cha pini.

Mpima alifika saa nne. Nilimwambia kabla hajaweka begi chini. Akauliza, "Upepo wa matairi?" Akauliza tena. Akasoma barua yako yote, akasema, "Mjomba wako anaandika kama anasahihisha mtihani." Hakucheka. Kisha akachukua bisibisi mwenyewe, akachomoa diski, akaiunganisha na kompyuta ya mpiga chapa wa jirani. Wazo hilo, Mjomba, wewe hukunipa! Tukanakili vipimo vyote. Nikavikagua mara tatu.

Ndipo akasema, "Haya, washa sasa."

Feni mpya ilizunguka vizuri, kwa upole. Nikahesabu hadi sita. Kikapanda kimoshi chembamba pale penye doa, kioo kikawa cheusi, basi. Mpima aliitazama ile diski mkononi mwake muda mrefu.

Ufunguo wa ofisi ameuchukua. Hakusema nirudi, hakusema nisirudi. Lakini Jumatatu atahitaji mtu wa kumshikia ramani mbele ya baraza, na hana mwingine anayezijua. Nitamkuta au atanikuta mlangoni pa ofisi.

Mpwa wako,
Kiherehere