Mvua Siku ya Arusi, Baraka

Mudogo wangu Furaha,

Baridi ya Bukavu iko namna gani? Mi huku Baraka, kando ya ziwa, niko kinywa wazi tangu asubui.

Leo njo ilikuwa arusi ya binti wa shangazi. Muchungaji alikuwa anamuuliza kama anakubali bwana, mara radi ikapiga. Mama mumoja akapiga kelele: “Ndakala!” Eh Mungu wangu! Kanisa lote likatoka mbio kuokoa ndakala, hao samaki wadogo walioanikwa kwenye muchanga. Bibi-arusi alishika gauni kwa meno akizoa na mikono miwili, muchungaji nyuma yake na beseni.

Nikauliza shangazi, “Ni za nani?”

Akanishangaa. “Za jirani mwenye amezaa jana. Tuache zioze?”

Na bwana-arusi? Alibaki mulangoni, anachunga viatu vyake visilowe!

Bibi-arusi akarudi amelowa chepechepe, ananuka samaki. Muchungaji akamuuliza tena. Akaangalia vile viatu, akasema, “Ngojeni kwanza.”

Wali umepoa, bado tunangoja.

Mungu akulinde, busu kwa mama. Watu wote wanaombeaka arusi jua. Ya kwako, mudogo wangu, mi nitaiombea mvua.

Dada yako, Neema