Naomi Aliponiita Maman Kule Delft

Clarisse, rafiki yangu,

Jumamosi nilimpeleka binti yako Naomi kule Delft, ule mji wa Uholanzi wa vyombo vya udongo vya buluu uliotaka auone. Baba yake alikuwa kazini, akaniomba twende sisi wawili. Bon, nikuambie kilichotokea, ingawa naona haya hata kukuandikia.

Mji ni mzuri, wewe! Mifereji inapita katikati ya barabara, na kanisa lao ni refu mpaka Naomi alilala chali uwanjani apate kuona ncha yake. Alicheka. Sijamsikia akicheka vile tangu tulipokuzika.

Kwenye karakana wanawaacha wageni wapake vigae rangi. Naomi akachora samaki, akanung'unika mbona ni mweusi. Fundi, mwanamke anayejua Kifaransa, akamweleza kwamba rangi inaingia tanuruni nyeusi, inatoka buluu. Kisha akamwambia, "Muonyeshe maman yako."

Naomi akanigeukia. "Maman, angalia."

Clarisse, sikumsahihisha. Nikasema, "Mzuri sana, mwanangu." Unajua nimemwomba Mungu mtoto miaka mingapi, ni wewe uliyenishika mkono pale uwanja wa Flagey nikilia. Nilifurahi. Mwili mzima ulifurahi, nawe umelala udongoni.

Kwenye treni ya kurudi Bruxelles nilishindwa kumtazama. Akaniuliza, akiniita shangazi kama kawaida, "Tantine, umekasirika? Nilikuita maman juu nimechoka kuelezea bantu kwamba maman yangu alikufa."

Nilitamani kiti kinimeze. Mimi nilidhani nimepewa kitu. Kumbe mtoto alikuwa amechoka tu, mtoto wa miaka minane, na mimi nikasherehekea uchovu wake.

Nikamwomba anisamehe. "Ça va, tantine," akasema, akalala begani mwangu. Tulipofika kwenu Berchem nilimweleza baba yake yote, nimesimama mlangoni, koti bado mwilini. Akasema, "Mimi pia, watu wakiniuliza mama yake yuko wapi, naangalia chini."

Donc, pumzika, Clarisse. Kazi hiyo ya kueleza nitaifanya mimi. Shuleni, kanisani, popote watakapouliza, nitajibu kabla mtoto hajafungua mdomo: mimi ni tantine tu, mama yake anaitwa Clarisse. Nitalisema jina lako kwa sauti, nikiwatazama usoni.

Kwaheri, dada.

Béatrice