Taa za Upande Wetu

4 Agosti. Asubuhi: jua tangu mapema, wingu hata la kusingizia hakuna.

Mwanangu mpendwa,

Hujambo? Mimi sijambo, baba yako ndiye wa kuulizwa. Ile mashine ya hewa tuliyoazimwa na hospitali inamfaa sana. Akivaa mrija puani anapata rangi, anakula, anaanza kubishana na redio. Umeme ukikatika mashine inanyamaza, naye anatweta kama anayepanda mlima ilhali amekaa kitini. Tuna mtungi mmoja wa hewa wa akiba. Mgao mmoja unakula nusu yake, na kwenda kuujaza ni safari ya kutwa.

Nakuandikia kwa sababu simu haina chaji, na ikiwa nayo baba yako huifungulia sauti mtaa mzima usikie. Barua haihitaji umeme.

Nitasema bila kuzunguka. Wewe ndiye uliyeshika swichi huko bwawani. Laini yetu ya umeme ikirukwa kwenye mgao, nani atajua? Siombi makubwa. Naomba pumzi za baba yako.

Mama yako.

Nyongeza, kabla sijampa dereva wa basi: usiku nililala saa nane. Huwa silali kabla ya kuhakikisha mashine inavuma.


9 Agosti. Asubuhi: kavu, upepo wa vumbi.

Mama, shikamoo. Mfikishie Mzee shikamoo yake.

Naanza na hali ya hewa kama ulivyonifundisha. Huku bwawani siku hizi hakuna anayeuliza habari nyingine. Kutoka dirishani naona alama ya maji ya zamani, iko juu ukutani kama mstari wa uchafu kwenye beseni. Visiki vya miti iliyozamishwa zamani vimechomoza. Mitambo iko minne, inayozunguka ni miwili.

Najua watu wanasema tunauza umeme nje huku wenyewe tuko gizani. Nilimuuliza mkuu wa zamu. Akajibu, "Masika ziwa likijaa, tusipouza tutamwaga maji bure. Kwa hiyo tukasaini. Tatizo mkataba haujui kiangazi." Basi fungu la jirani linavuka mpaka kila siku, na jioni tukielemewa tunanunua kwake umeme wa makaa ya mawe, kwa bei ya kuruka. Alicheka, akacheka peke yake.

Amri hutoka makao makuu: punguzeni kiasi fulani. Sisi tunazima laini kwa zamu. Nikiiruka yenu, sharti niizime nyingine mara mbili, nayo ni ile ya ng'ambo ya barabara yenu. Kule nako kuna watu, mama. Tunaita mgao kana kwamba kuna mtu anayepewa kitu. Tunachogawa ni giza, na mmoja akikataa fungu lake linamwangukia mwenzake.

Usiniombe tena, nakusihi.

Mwanao.


16 Agosti. Asubuhi: joto, hata kuku hawakutoka kivulini.

Mwanangu,

Natumaini u mzima. Barua yako nimeipata na nimeielewa. Siombi tena. Hii ni habari tu.

Jumanne umeme ulikatika mchana na mtungi ulikuwa mtupu. Midomo ya baba yako ilikuwa rangi ya wino. Nikampepea kwa mfuniko wa sufuria, maana ndio uliokuwa karibu. Katikati ya hayo akaninong'oneza, "Mwambie bintiyo kama ni kukata anikate moja kwa moja, asinikate nusunusu." Alikuwa akitania. Sikucheka.

Umeme ulirudi. Nililala saa kumi alfajiri.

Mama yako.


21 Agosti. Asubuhi: kavu.

Mama, shikamoo.

Kuanzia Jumatatu nina zamu ya mchana kwa mwezi mzima. Mashine haitanyamaza. Usimwambie Mzee.

Mwanao.


3 Septemba. Asubuhi: mawingu yalikuja kututazama, yakaenda zao.

Mwanangu mpendwa,

Habari za huko? Hapa ni furaha na wasiwasi, sijui nianze na kipi.

Sikumwambia, lakini baba yako si mtoto. Siku ya tatu bila kuzimika alimwita kinyozi dirishani: "Wewe! Unaona taa? Binti yangu yuko kwenye swichi! Mtaa huu umezaa mtu!" Sasa wewe huku unaitwa Bibi Swichi.

Tangu hapo nyumba imekuwa soko. Simu za watu zimemzunguka baba yako kama vifaranga. Kinyozi amehamishia mashine yake ya kunyolea kibarazani kwetu. Fundi wa kuchomelea vyuma amejiungia umeme kwenye nguzo yetu, na watu wa ng'ambo wamevusha nyaya juu ya barabara. Muuza maziwa naye ni wa ng'ambo, ameleta friji yake kubwa, imekaa sebuleni. Akamshika baba yako mkono: "Mzee, Mungu akuweke. Kwetu siku hizi wanatukata mara mbili kwa siku, sijui tumemkosea nani." Nikajidai natafuta kijiko.

Nikilalamika, baba yako ananiuliza, "Mke wangu, mwenye kisima humfukuza mwenye kiu?" Sijamwona akicheka hivi tangu augue.

Mama yako.


6 Septemba. Hali ya hewa sikuitazama.

Mama,

Nisamehe salamu. Ng'oa nyaya zote leo, na friji pia. Transfoma ya mtaa wenu ni ndogo, ilifungwa kwa ajili ya taa na redio. Mgao ndio uliokuwa ukiipa nafasi ya kupoa, nami nimeinyima hata hiyo nafasi.

Nilipiga simu, akapokea Mzee. "Nimesikia, Bibi Swichi." Namjua: "nimesikia" yake siyo "nimekubali". Dereva ameapa kukupa barua hii mkononi mwako.

Mwanao.


9 Septemba. Asubuhi: jua.

Mwanangu,

Dereva alitimiza ahadi yake. Alinikuta nimesimama barabarani na majirani, tunaitazama transfoma. Ilikuwa imeshalipuka. Mafuta yalikuwa yakichuruzika kwenye nguzo. Fundi wa shirika akatazama juu, akasema, "Hii imekufa. Mpya mpaka iagizwe."

Mtungi tulioujaza baada ya ile Jumanne ulikuwa umebaki robo. Kinyozi na muuza maziwa walimbeba baba yako pamoja na kiti chake, wakampandisha kwenye gari la maziwa. Hospitali ina laini yake, haikatwi. Amelazwa ukumbini, vitanda vya ndani vimejaa. Alipopata sauti aliuliza, "Friji ya watu imesalimika?"

Usiache kazi uje. Nikikuita, njoo.

Mama yako.


2 Novemba. Asubuhi: manyunyu, ya kwanza.

Mama, shikamoo.

Pole na upweke tangu Mzee atutoke. Siku zote za msiba nilitaka kusema nawe, lakini nyumba ilijaa watu, nawe ulikuwa ukiwahimiza kula.

Nimemweleza mkuu wa zamu nilichofanya. Hakufoka. Aliuliza tu, "Ulidhani ni wewe peke yako mwenye baba?" Ameniondoa kwenye swichi. Sasa natembea juu ya ukuta wa bwawa nikisoma kina cha maji.

Ningemkata kama wengine, angepata shida ya saa chache na mtungi wake ungemvusha, na angekuwa bado nyumbani. Nilimpa umeme bila kikomo, ndio uliomtoa kwenye kiti chake ukampeleka kufia ukumbini.

Nijibu chochote, mama. Hata unitukane.

Mwanao.


19 Novemba. Asubuhi: mvua kubwa tangu usiku, mifereji imefurika.

Mwanangu mpendwa,

Natumaini huko nako inanyesha, na kwamba unavaa koti.

Nimechelewa kujibu. Mambo yangu huyapanga, lakini hili kila nikilipanga linapanguka. Nitasema ninaloliweza. Wewe ulikataa, na ulikuwa na haki. Mimi nikakuandikia barua ya midomo ya wino nikaiita habari. Haikuwa habari. Nilikuwa naomba mara ya pili, na nilijua hutaweza kukataa mara mbili.

Transfoma mpya imefungwa. Muuza maziwa alikuja kuchukua friji, akakuulizia kwa wema. Nikamwambia kwa nini kwao walikatwa mara mbili. Alikunja waya wa friji, kisha akasema, "Kumbe nilikuwa namshukuru Mzee kwa giza langu mwenyewe." Akabeba friji yake. Maziwa bado analeta, ila anayaacha mlangoni, haingii.

Kiangazi kikirudi, yeyote atakayeshika swichi atukate kama wenzetu. Na wewe njoo Desemba. Nyumba hii ni yako, na mimi sina la kukutukana.

Mama yako.

Nyongeza: Jumatatu hospitali watakuja kuchukua mashine, kuna mgonjwa anaingoja. Tangu msiba silali, nyumba imenyamaza mno. Usiku wa jana niliinuka nikauning'iniza mrija kwenye kiti chake, nikaiwasha mashine. Ikavuma. Najua huo ni umeme unaopotea bure na ziwa lenu bado halijajaa. Nisamehe hilo. Nililala saa tisa na dakika kumi.