Kamba Tatu za Agata

Simoni mudogo wangu,

Nakusalimia. Marehemu mama alitufundisha kusalimia hata mutu mwenye umemukasirikia, basi nimekusalimia, hiyo imekwisha. Muko wazima? Maharagwe yalitoka vizuri? Magoti ya Shangazi yanaendeleaje na hiyo baridi ya huko juu? Sisi huku tuko wazima. Mutoto mudogo ameota meno mawili na anauma kila kitu. Mimi pia niko muzima, ila roho yangu iko moto, na wewe unajua sababu mbele hata sijaiandika.

Kazi iko ileile. Daraja la mwisho tulilimaliza, kamyo zinapita juu yake, na kesho yake kapita, musimamizi wa kazi, akatuambia tufunge mizigo, kuna muto mwingine unatungojea. Mara ya ine sasa tunahama. Tunajenga kibanda cha majani, mvua inakipiga, na mbele hata hakijakauka tunakiacha. Pori la Walikale haliko kama milima yetu. Jua unalisikia kwa joto tu, kuliona hulioni. Nakata miti, napima miti, natoboa miti, na jioni mikono inakataa hata kushika kijiko.

Njo sababu sikuleta Agata na Petro huku. Hapa hakuna masomo. Na ni wewe ulisema, mbele ya Shangazi, kwamba mutoto wa kaka yako ni mutoto wako, tuwaache wasome ku misioni. Mama Agata alilia njia yote mpaka Walikale. Ile akili ya kamba ni yeye aliitafuta. Kila mara Anselmi, yule shofere mwenye kushusha maharagwe na kupandisha muchele, akipita kwenu, uwasimamishe watoto ukutani, ukate kamba toka kisigino mpaka kichwani. Kamba ya Petro fundo moja, ya Agata mafundo mawili. Fundi wa nguo wa Walikale apimie hapo.

Lakini haikuwa ya nguo tu, Simoni. Kamba ikifika, mama yao anaisimamisha kwenye muti wa kati wa kibanda, ananichongesha alama kwa kisu, halafu anaongea nayo. "Petro, umepita meza sasa. Agata, nywele nani anakusuka?" Tukihama, tunang'oa ule muti, tunakwenda nao. Wenzangu wa kazi walikuwa wananicheka. Mimi nilikuwa naongea na watoto wangu vile.

Kamba ya Petro ilipanda kila mara. Ya Agata ilipanda, halafu ikasimama. Nikasema ni kawaida. Ya pili ikaja, urefu uleule. Mama Agata akaipima tena yeye mwenyewe. Ya tatu ikaja, uleule tena, na siku ile hakupika. Aliniuliza kama mutoto anaweza kukosa kukomea, asirefuke hata kidogo, mwaka muzima na akuwe bado muzima. Nikamupeleka mama yao kwa munganga, akatuambia mutoto wa namna hiyo ana ugonjwa, pengine mududu wa tumboni, pengine njaa. Toka siku ile muke wangu hakugusa samaki. Yote aliikausha, akakutumia, akisema mupatie Agata. Alianza kujilaumu ati alimuachisha ziwa mapema. Samaki ulipokea. Ulikula?

Nikamuomba Anselmi asichukue kamba tena, amuangalie mutoto kwa macho yake. Aliporudi alijificha nyuma ya kamyo yake, akijifanya anapima mafuta. Nilimufuata. Akaniambia yote.

Agata haiko kwako. Toka mavuno ya maharagwe ya mwaka jana haiko. Iko kule mbele ya Kirolirwe, kwa yule muzungu wa maua meupe ya kufanyia dawa ya wadudu. Anachuma maua asubuhi mpaka jioni, analala na wanawake wa kambi, na ngozi ya mikono yake imetoka vipele vya kuwasha. Kapita wa lile shamba alitaka mutu mumoja kila nyumba, wewe ukamutoa wangu. Felista, mutoto wako wa kuzaa, iko darasani, amevaa ile robe, ile nguo yenye nilishonesha kwa kamba yako, na inamuenea sawasawa. Anselmi alimukuta Agata kwenye shamba, amemufikia ku bega. Hakulia. Alimutuma neno moja tu: "Mwambie papa nimekomea."

Sikiliza. Kapita namujua, fimbo yake naijua. Kama ungeandika, Kaka, wamekuja, wanataka mutu, nifanye nini, ningekusikia. Pengine ningelia pamoja na wewe. Lakini wewe ulikaa chini, ukalaza kamba ya zamani, ukakata nyingine juu yake, ukafunga mafundo mawili vizuri. Mara tatu! Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yako ilimaliza mwaka muzima, na mwaka ule wote mutoto wangu alilalia majani. Na mimi, fundi, mutu wa kupima kila siku, niliangalia mafundo yako nikasema mudogo wangu ana mikono safi. Nakasirika na wewe, na mimi mwenyewe sijiachi.

Niliomba ruhusa. Wakubwa wa kazi wamekataa mpaka kamyo ipite juu ya hili daraja. Nikitoroka, ni gereza. Basi niko hapa, na misumari.

Umusalimie Shangazi, mwenye alitulea sisi wawili kwa sahani moja. Umusomee hii barua yote, usiruke mustari. Umusalimie Petro, umuambie sikumukasirikia kwa kunyamaza, najua ni wewe ulimukataza. Musalimie mama Felista. Na Felista umuachie ile robe, yeye hana kosa.

Hii barua sikumupa Anselmi. Mwenye amekupatia ni Mama Agata, na iko amesimama mbele yako sasa, mutoto mugongoni. Kusoma hajui, lakini nilimusomea kila neno mara mbili. Usimutafutie kiti. Usiseme mupike kwanza. Vaa kofia yako, umutangulie njia ya Kirolirwe, na mukifika usimame mbele ya kapita useme kwa kinywa chako kwamba ulileta mutoto mwenye si wako, arudishiwe mama yake. Sema kwa sauti. Mama Agata atakuwa anakusikiliza, halafu atakuja kuniambia kama ulisema.

Ni mimi kaka yako,
Mikaeli, ku daraja