Kastadi ya Kibuyu cha Mama

Shikamoo kaka,

Natangaza rasmi, mbele yako na ng'ombe wote wa nyumbani Mogitu, kwamba hapa Mbulu kastadi, ule uji mtamu wa maziwa wa wazungu, imekataliwa na Serikali.

Jana niliipika peke yangu. Ndiyo ulikuwa mtihani wa mwisho nipate barua ya kuitwa mpishi. Maziwa ya hapa hukaa kwenye debe yakanuka bati, basi nikakifukiza moshi kibuyu alichonipa mama, kama nyumbani, nikayalaza humo. Memsahibu, mke wa Bwana Shauri, mzungu mkuu wa wilaya, akaonja kijiko kimoja. "Nani nachoma nyumba yangu?" Wageni wakaangua kicheko. Mzee Saidi, mpishi mkuu anayenifundisha, akanivuta sikio: "Mshenzi we, moshi unakaa jikoni, hauingii bakulini!"

Miezi minane nawamenyea viazi, kaka! Watu wasiojua hata kufukiza kikombe wanacheka kibuyu cha mama yangu! Nina hasira, naweza kuchemsha birika bila kuni. Na barua sikupewa.

Mama mwambie wazungu walilamba bakuli. Mvua isiwapite, na watoto washibe.

Kastadi iliyobaki nimeionja mwenyewe leo asubuhi. Nilisahau sukari.