Asali ya Shangazi na Kifua cha Gabi

Jumapili, Julai. Ukungu umetufunika tangu alfajiri, na hadi saa sita mchana sijauona hata mti wa jirani. Karatu nzima inapiga chafya. Nina hasira, na leo siandiki kwa adabu.

Mwanangu Gabi alizaliwa kabla ya wakati wake. Wiki iliyopita alilazwa kwa nimonia. Nilikaa nikimtazama anavyovuta pumzi, mbavu zikizama ndani, na sitaki kuona kitu kile tena maishani. Tulitoka hospitali Alhamisi. Daktari alisisitiza jambo moja: mwenye mafua asimkaribie mtoto.

Jambo dogo, sivyo? Basi huwajui watu wangu.

Huku mzazi lazima atembelewe. Ukikataa wageni unaambiwa una kiburi, umesoma mno, unaringia mtoto. Kwa hiyo wanakuja, pua zinachuruzika, na kila mmoja ana dawa ya asili mkononi. Huyu tangawizi, yule kitunguu saumu, mwingine majani ya mkaratusi ya kujifukiza. Wanakuletea dawa ya mafua pamoja na mafua yenyewe.

Sina ugomvi na vitu vya asili. Mimi mwenyewe nakunywa chai ya tangawizi na limau asubuhi na jioni, nakula mboga za majani, nafungua madirisha jua likichomoza, na jiko la mkaa nimelitoa nje. Gabi namnyonyesha kila anapotaka. Kunawa mikono nako ni asili. Kubaki kwako ukiwa unakohoa ni asili pia, tena bure kabisa, lakini hiyo hakuna anayeitaka.

Na wazee wetu Wairaqw walilijua hili. Zamani nyumba yenye mzazi ilikuwa na mwiko wake, watu hawakuingia ovyo. Sisi tumeutupa mwiko kwa kuwa ni upagani, tukabaki na asali.

Asali! Ndiyo iliyoniwasha leo.

Baada ya misa alifika Shangazi Theresia kutoka Kansay. Ndiye aliyemlea mume wangu Paskali, na katika nyumba hii neno lake halipingwi. Aliingia akijifuta pua kwa ncha ya kitenge, akanipokonya mtoto kabla sijajibu salamu, akamkoholea juu ya kichwa. Nikamtazama Paskali. Paskali akatazama dari.

Kisha Shangazi akafungua chupa ya asali iliyochanganywa na vitunguu saumu, akachovya kidole, akakipeleka mdomoni mwa mwanangu. Nesi alishatuonya kwamba asali haipewi mtoto asiyetimiza mwaka. Paskali alikuwepo, alisikia kwa masikio yake.

Nilimnyakua Gabi kabla kidole hakijafika.

"Mama Gabi, huyo ni shangazi yangu," Paskali akasema. Sauti kakosa siku zote, leo kaipata kwa ajili hiyo.

Shangazi akacheka kidogo. "Asali haijawahi kuua mtu, mwanangu. Wangu wote nimewalea hivi hivi."

Nikasema. Mungu wangu, nikasema.

"Na wale wawili uliowazika?"

Ukoo mzima unajua kwamba Shangazi alipoteza watoto wawili wachanga, wote kwa kifua, wote msimu wa baridi. Ukoo mzima pia unajua kwamba jambo hilo halitajwi. Mimi nimelitaja, mbele ya Paskali, nyumbani kwangu, hata chai sijamwandalia.

Shangazi aliifunga chupa, akajitanda kitenge vizuri, akatoka. Paskali akamfuata na kiti, na alipopita mlangoni aliniangalia kwa namna ambayo hajawahi kuniangalia.

Nilidhani amekikataa kiti, ameshaondoka. Baadaye nikasikia kikohozi chini ya dirisha. Shangazi alikuwa amekaa nje kwenye baridi, kitenge kimeziba pua na mdomo. Paskali alimsihi aingie ndani akakataa.

"Anapumua vizuri?" akauliza kupitia dirishani, bila kugeuka.

"Anapumua, Shangazi."

"Mbavu haziingii?"

"Haziingii."

Akaniambia nifunge dirisha, akishaondoka nilifungue tena.

Mwanamke huyu anajua mbavu zinavyoingia. Ameziona mara mbili, na hakuwa na daktari wala oksijeni, alikuwa na asali tu. Lakini bado nina hasira. Nina hasira naye kwa kuja na mafua yake, nina hasira na Paskali na dari yake, nina hasira na ulimi wangu.

Kesho nitampigia simu Shangazi nimwombe radhi, nilie kama italazimu. Na akija tena anakohoa, nitamwekea kiti pale pale nje.