Vanishi ya Kidonge cha Baba

Mshauri wetu mpendwa,

Nakuomba msaada, ingawa sina hakika kama ninachokiogopa ndicho ninachopaswa kukiogopa. Baba yangu ni fundi wa samani, na miezi michache iliyopita aliwekewa kijibomba chembamba cha kuuweka wazi mshipa wa moyo, akapewa vidonge vidogo vya aspirini vyenye utando mgumu kwa nje, avimeze vizima kila siku na asiviache bila idhini ya daktari. Naye, ambaye amepaka vanishi tangu sijazaliwa, alikitazama kidonge cha kwanza kwenye mwanga wa dirisha la karakana, akakikwaruza kwa ukucha, kisha akachukua kipande cha msasa laini akakisugua hadi kikabaki kitupu, na vilivyofuata akavifanya vivyo hivyo.

"Baba, huo utando umewekwa makusudi," nilimwambia.

"Hii ni vanishi, mama. Nimepaka meza zinamwagiwa chai ya moto mwaka mzima na hazibabuki, tumbo langu litaibabuaje hii dawa itoke? Wewe una digrii ya vitabu. Vanishi niachie mimi."

Nilicheka, mshauri, na kicheko hicho kinaniuma, kwa sababu mgongo ulipoanza kumsumbua nilimnunulia mwenyewe vile vidonge vikubwa vya maumivu vinavyotoa povu kwenye glasi ya maji, akavipenda mno ("Angalau hivi havijavaa koti!"), na sikuisoma pakiti hadi wiki hii, nilipogundua kwamba navyo ni aspirini, tena nyingi kuliko ile ya moyo. Sasa mswaki wake unabaki na wekundu, mikono ina madoa ya zambarau, viganja vimepauka, anahema katikati ya kupiga randa ubao mmoja, na jana mama alinivuta pembeni akaninong'oneza kwamba choo chake ni cheusi kama lami. Nikavificha vidonge vyote mkobani. Kisha nikawaza: je, damu ikiganda ndani ya kijibomba kwa sababu yangu? Kila akikohoa nakimbilia mlangoni. Labda utando hauhusiki kabisa, nami nimeunganisha mambo yaliyokutana tu, labda unahusika. Akipewa atavuja, akinyimwa ataziba, na vyovyote vile mkono utakuwa wangu. Hospitali hataki, anasema ni uzee. Anayemsikiliza ni wewe tu, redioni, kila mchana akiwa kazini, ndiyo maana barua hii naileta mwenyewe mapokezini kwenu, na namba yangu ya simu nyuma ya bahasha.

Binti wa Fundi

*

Binti wa Fundi,

Nimeipata barua yako asubuhi hii, nikakupigia hata chai sijaigusa, ukaniambia baba bado amekataa kuondoka. Basi nakujibu hewani, baada ya daktari kunipitishia maelezo haya.

Pole sana. Lakini pole haitanizuia kukugombeza. Umesoma hadi chuo kikuu, halafu choo cheusi unakifanyia mjadala? Shaka ni nzuri maktabani. Choo kama lami, pamoja na kuhema na kupauka, tunakihesabu kuwa ni damu inayovuja tumboni mpaka daktari aseme vingine, na hiyo ni safari ya sasa hivi.

Kuhusu utando, baba amekosea. Unayeyuka mbele, kwenye utumbo, ili kidonge kisiunguze ukuta wa tumbo. Si kazi ya msasa. Nawe usidhani koti lingemwokoa. Aspirini ikishaingia kwenye damu, iwe ilivaa koti, iwe tupu, iwe ya povu, huzizuia zile chembe za kugandisha damu zisishikane. Hivyo ndivyo inavyoulinda moyo, na hivyo ndivyo inavyofanya kidonda kikatae kufunga. Ulipoongeza ya mgongo juu ya ya moyo, ulirundika. Hukujua, lakini dukani ungeuliza.

Na kuvificha? Kuacha ghafla ni hatari kwa mwenye kijibomba. Kuendelea huku anavuja ni hatari vilevile. Uamuzi huo si wako, ni wa daktari, na ataufanya leo akimwona. Vya povu asiviguse tena. Beba pakiti zote mbili, useme alimeza nini mara ya mwisho na lini, na habari ya msasa usiifiche kwa aibu. Asiendeshe gari, asiende peke yake. Akitapika damu, akizimia au kifua kikimbana, ita gari la wagonjwa papo hapo.

Na wewe, fundi. Shikamoo. Najua unanisikia, na najua umeshajitambua. Hakuna aliyekusema vibaya. Kuna mtu anayeogopa kukupoteza. Mteja akikuletea kabati linalolia kila likifunguliwa, humwambii ni uzee wa mbao. Unalifungua, unatazama ndani. Nasi tunaomba utazamwe ndani.

Binti yako, kama tulivyopatana simuni, yupo hapo mlangoni, mkoba begani. Weka msasa chini, nawa vumbi, mshike mkono mtoke. Redio iacheni ikiwaka. Simu yangu iko mezani, na wimbo siweki hadi anipigie kwamba mmefika.